Rejesta, leja au mgonjwa mlangoni: upime vipi uandikaji wa antibiotiki kwenye zahanati?

Katika zahanati yoyote ya Urambo, Kaliua, Kasulu au Uvinza, kwenye mikoa ya Tabora na Kigoma, habari za antibiotiki zimelala sehemu tatu. Ya kwanza ni rejesta ya wagonjwa wa nje, Kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), anamoandika tabibu. Ya pili ni leja ya stoo, inayoonyesha kopo gani limetoka na limetoka lini. Ya tatu ni mgonjwa mwenyewe: alichopewa dirishani, na alichoelewa kabla hajapanda bodaboda kurudi kwake. Anayetaka kutathmini antibiotiki zinavyoandikwa huanzia mojawapo, na kila moja humpa jibu lake.

Ulinganisho huu nimemwandikia mganga mfawidhi, mfamasia wa halmashauri, au mjumbe yeyote wa CHMT (timu ya usimamizi wa afya ya halmashauri) mwenye siku chache, mafuta ya kubahatisha na asiye na mtakwimu. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa kituo kimoja, fungua rejesta, ila usiwahesabu wagonjwa wote kwenye fungu moja. Asilimia ya jumla inapendwa kwa kuwa inakaa vizuri kwenye slaidi za kikao, lakini katika mikoa yetu yenye malaria inaweza kupanda na kushuka bila tabibu hata mmoja kubadili anachoandika.

Ukubwa wa tatizo, kwa kifupi

Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya watoto wapatao 1,000 waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara wakiwa na homa. Karibu 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa takribani 2 kati ya 10. Miaka kumi baadaye, 2024, ukatoka utafiti wa vituo 40 vya huduma ya msingi Mbeya na Morogoro. Katika vituo vilivyoendelea na huduma ya kawaida, watoto 70 katika kila 100 waliandikiwa antibiotiki. Katika vituo ambako matabibu waliongozwa na programu ya kwenye tableti waliandikiwa 23, na watoto wao hawakupona vibaya kuliko wenzao.

Ni mikoa mingine, sawa. Lakini tabibu wa Nzega anafuata Mwongozo wa Matibabu uleule wa taifa, na anakabiliwa na mama yuleyule anayeuliza, "Daktari, na dawa ya kikohozi je?" Taifa lina mpango kazi wa pili wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wa 2023 hadi 2028. Utekelezaji wake mwingi utaamuliwa kwenye meza za zahanati, kwa hiyo lazima tuwe na namna ya kuzipima meza hizo.

Njia ya kwanza: rejesta kwa viashiria vya WHO

Mwaka 1993 WHO ilitoa mwongozo wa kuchunguza matumizi ya dawa vituoni, na viashiria vyake vya uandikaji bado ndivyo vinavyotumika zaidi: wastani wa dawa kwa kila mgonjwa, asilimia ya dawa zilizoandikwa kwa jina lake halisi badala ya jina la kibiashara, asilimia ya wagonjwa walioandikiwa antibiotiki, ya walioandikiwa sindano, na asilimia ya dawa zilizomo kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu. Kwa antibiotiki, kiwango ambacho watafiti wengi hukilinganishia ni chini ya asilimia 30.

Uzuri wake ni kwamba haihitaji ubingwa. Muuguzi au mtoa dawa aliyeelekezwa vizuri anaweza kuhesabu, na matokeo yake yanalinganishika na ya nchi nyingine. Ukitaka picha ya halmashauri au mkoa, mwongozo unataka vituo visivyopungua 20 na wagonjwa 30 kila kimoja, jumla 600. Ukitaka kukizungumzia kituo kimoja, wanatakiwa wagonjwa 100.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanachukua wagonjwa 30 kwa kituo, kisha wanabandika ukutani orodha ya vituo kuanzia bora hadi dhaifu. Kituo kikipata asilimia 60 kwa wagonjwa 30, hali yake halisi inaweza kuwa popote kati ya 42 na 78 hivi. Kwa wagonjwa 100 inabaki kati ya 50 na 70. Wale 30 wanafaa kuchangia picha ya pamoja. Kumwita mganga mfawidhi ajieleze kwa sababu yao ni kumwonea.

Kuwachagua wagonjwa si kazi ngumu. Zahanati yenye mahudhurio 6,000 kwa mwaka inahitaji mgonjwa mmoja katika kila 60: chagua namba ya kuanzia kwa bahati kati ya 1 na 60, kisha ruka sitini sitini hadi mwisho wa mwaka. Wagonjwa wa marudio waache. Usichukue mwezi mmoja kwa kuwa kitabu chake kiko juu ya meza.

Kabla hujafungua kitabu, amueni pamoja ni dawa zipi mtazihesabu kuwa antibiotiki. Flagyl imo? Mafuta ya macho ya tetracycline? Septrin ya kinga kwa anayehudhuria CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU? Timu mbili zinaweza kusoma rejesta ileile na kutofautiana sana kwa sababu moja ilihesabu Flagyl na nyingine iliiona kuwa dawa ya amiba. Mimi ningeihesabu Flagyl, ningeziacha dawa za kupaka na za macho, na Septrin ya kinga ningeitenga peke yake. Ukipenda kinyume, sawa, ila andika uamuzi huo kwenye karatasi ya kwanza ili mwaka kesho mtu asibadilishe kanuni katikati ya safari.

Malaria inavyoichezea asilimia ya jumla

Kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022, Tabora ilikuwa na watoto wa chini ya miaka mitano asilimia 23 waliokutwa na malaria kwa kipimo cha haraka, wakati wastani wa Tanzania Bara ulikuwa asilimia 8. Mwaka 2017 Kigoma ndiyo iliyoongoza, kwa asilimia 24. Kwa kupima antibiotiki, hilo si jambo la pembeni.

Chukulia zahanati ya kufikirika kule Kaliua. Mwezi wa kiangazi, katika wagonjwa 100, wenye malaria ni 20, na 4 kati yao wanaandikiwa antibiotiki juu ya dawa mseto. Waliobaki 80 kipimo kimesema hakuna malaria. Tabibu anawaandikia antibiotiki 56, yaani 7 katika kila 10. Jumla: 60 kati ya 100. Mvua zikishakolea, wenye malaria wanakuwa 60. Tabibu ni yuleyule na mazoea ni yaleyale: wanaandikiwa 12 kati ya hao 60, na 28 kati ya 40 waliobaki. Jumla: 40 kati ya 100.

Ripoti ya robo mwaka itasema uandikaji umeshuka kutoka asilimia 60 hadi 40, na kwa kuwa Desemba kulikuwa na semina, semina itapewa sifa. Kazi yote ilifanywa na mbu.

Kinyume chake kinaumiza zaidi. Halmashauri ikigawa vyandarua na malaria ikashuka kweli, asilimia ya antibiotiki itapanda, na matabibu wataonekana wameharibika wakati hawajabadilika. Tena imeonekana mahali pengi kwamba kipimo cha haraka kikisema hakuna malaria, mkono wa tabibu huenda kwenye amoxicillin, maana mgonjwa ana homa na lazima aondoke na kitu.

Dawa ya mtego huu ni rahisi: kila mgonjwa unayemnakili, andika kama alipimwa malaria na jibu lilikuwa nini, halafu toa asilimia mbili badala ya moja. Asilimia ya wasio na malaria ndiyo ya kuikodolea macho.

Njia ya pili: rejesta ileile, ugonjwa kwa ugonjwa

Njia hii ndiyo ninayoipendelea kwa kituo kimoja. Badala ya kuuliza wangapi waliandikiwa antibiotiki, unauliza: kati ya wagonjwa ambao Mwongozo wa Matibabu wa 2021 unasema hawahitaji, wangapi waliandikiwa? Chagua magonjwa machache ambayo jibu lake halina ubishi. Kwa zahanati zetu ningeanza na mafua na kikohozi bila nimonia, kuhara kusiko na damu kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, ambako kinachotakiwa ni ORS na zinki, na malaria iliyothibitishwa isiyo na ugonjwa mwingine kando yake.

Kwa makundi hayo idadi sahihi iko karibu na sifuri, ndiyo maana hata sampuli ndogo inasema kwa sauti. Ukikuta watoto 25 kati ya 30 wa kuhara wameandikiwa Flagyl au Septrin, humhitaji mtakwimu akuambie kama kuna jambo. Pia unapata kitu cha kuzungumza na tabibu. "Asilimia yako ni 62" haimfundishi mtu. "Hawa watoto wa kuhara, tuwaangalie pamoja" inaanzisha mazungumzo.

Udhaifu wake unatakiwa kuujua vizuri. Jina la ugonjwa kwenye rejesta mara nyingi huifuata dawa. Mtoto wa mafua ambaye tayari ameamuliwa amoxicillin anaandikwa nimonia, na kwenye karatasi kila kitu kinanyooka. Tathmini ikishajulikana kuwa inakuja, nimonia zitaongezeka bila mapafu ya mtu kubadilika.

Kuna namna tatu za kuukamata ujanja huo. Kwanza, linganisha idadi ya nimonia na idadi ya mafua na kikohozi cha kawaida kwa watoto. Kituo ambacho nimonia zake zinakaribia kuzidi mafua kina la kueleza. Pili, tafuta idadi ya pumzi kwa dakika. Mtoto anayekohoa huhesabiwa kuwa anapumua haraka akifikisha 50 akiwa na miezi 2 hadi 11, na 40 akiwa na mwaka mmoja hadi kabla ya mitano. Pasipo hesabu hiyo mahali popote, iwe kwenye rejesta, kadi au daftari la mgonjwa, na pasipo dalili ya hatari iliyoandikwa, neno nimonia halijathibitika. Tatu, uliza kama kituo kina saa au kihesabio cha pumzi kinachofanya kazi. Wakati mwingine jibu la tathmini nzima liko hapo.

Kwa watu wazima tazama UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) na taifodi. UTI iliyoandikwa kwa mgonjwa mwenye homa na mwili kuuma tu, bila dalili za mkojo, ni ya kutiliwa shaka. Widal, kipimo cha damu cha taifodi, ikifanywa mara moja tu nayo haiwezi kubeba uzito inaobebeshwa: inaweza kuonyesha maambukizi ya zamani, na inaweza kuchanganywa na vimelea vingine. Kwenye kituo cha afya chenye maabara inayotoa Widal kwa wingi, nenda moja kwa moja ukahesabu ciprofloxacin, antibiotiki inayoandikwa kwa taifodi. Utakuwa umeokoa nusu ya siku.

Dozi usiihukumu kwa rejesta ikiwa uzito wa mtoto haukujazwa.

Njia ya tatu: leja ya stoo

Leja inavutia kwa sababu inafanyika ukiwa ofisini. Mfamasia wa halmashauri anakusanya kilichotolewa stoo kwa kila kituo na kukigawa kwa makundi ya AWaRe, ambayo WHO iliyaanzisha mwaka 2017: Access ni dawa za kuanzia kama amoxicillin, doxycycline, Septrin na Flagyl, Watch ni za kuchungwa zaidi kama ciprofloxacin, azithromycin, erythromycin na ceftriaxone, Reserve ni za akiba, ambazo zahanati haitarajiwi kuwa nazo. Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Septemba 2024 uliweka lengo la dunia kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu ziwe za Access.

Kwa swali la halmashauri, kwamba Watch inapanda au la na ni vituo gani vinaagiza ceftriaxone nyingi kuliko ukubwa wao, hakuna njia nyepesi kuliko hii. Kwa swali la kama mgonjwa alistahili dawa, leja haina jibu hata kidogo.

Mitego yake iko mitatu. Septrin ya kinga ya CTC inapita stoo ileile, nayo ni Access, kwa hiyo kituo chenye wateja wengi wa CTC kitaonekana kimefikia lengo la dunia huku wagonjwa wake wa nje wakimeza ciprofloxacin. Itoe kwanza ndipo upige hesabu.

Mtego wa pili ni dawa kuisha. Amoxicillin ikikosekana kwa wiki sita, leja itaonyesha matumizi yameshuka, kumbe tabibu ameendelea kuandika na mgonjwa akaenda kununua Duka la Dawa Muhimu. Siku ambazo stoo ilikuwa tupu lazima zionekane kando ya hesabu. Angalia pia kilichonunuliwa kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi mwenye mkataba, kupitia mfumo wa Jazia pale Bohari ya Dawa ilipokosa. Ukitazama mzigo wa Bohari ya Dawa peke yake, utapata nusu ya hadithi.

Wa tatu unawahusu wanaopenda kuhesabu matumizi kwa kipimo cha dozi ya kila siku iliyowekwa na WHO, ambayo kwa amoxicillin ya kumeza ni gramu 1.5. Imepangwa kwa mtu mzima. Mtu mzima aliyetumia miligramu 500 mara tatu kwa siku kwa siku 5 amekula gramu 7.5, sawa na dozi 5 za siku. Mtoto wa miaka miwili mwenye nimonia akipewa vidonge viwili vya miligramu 250 mara mbili kwa siku, kwa siku 5, amekula gramu 5, ambazo ni dozi 3 na kitu. Wote wamepewa tiba moja kamili. Zahanati inayotibu watoto wengi itaonekana bahili kwa sababu wagonjwa wake ni wadogo.

Njia ya nne: kumngoja mgonjwa mlangoni

Mwongozo wa 1993 una viashiria vya upande huu pia: dakika alizokaa na tabibu, muda aliohudumiwa dirishani, dawa alizopata kati ya zilizoandikwa, kama bahasha ina maelezo, na kama anajua atatumiaje. Wagonjwa 30 kwa kituo.

Hapa unajifunza ambacho vitabu haviwezi kukuambia. Bahasha imeandikwa 1x3, lakini mpaka lini? "Bibi, hii utaitumia siku ngapi?" "Mpaka nipate nafuu." Tabibu aliandika sawasawa, mtoa dawa akatoa sawasawa, na dozi itakatishwa siku ya pili. Buhigwe au Kakonko mpe kazi hii mtu anayezungumza Kiha, na vijijini Uyui anayezungumza Kinyamwezi, la sivyo utapima ufasaha wa Kiswahili badala ya uelewa wa dawa.

Kasoro yake ni kwamba kila mtu anajua uko pale. Siku yako ya kukaa mlangoni itakuwa siku ya uandikaji mzuri kuliko zote za mwezi. Na ni ghali: kufika zahanati za mwambao wa kusini mwa Uvinza, upande wa Buhingu na Kalya, huweza kuwa safari ya boti, na ukifika siku ya gulio huenda ukawakosa hata hao thelathini.

Kutuma mteja wa siri, yaani mtu anayejifanya mgonjwa, sikushauri kwa zahanati. Inavunja imani ya watumishi, na kuwadanganya watu kazini kunahitaji kibali cha kimaadili. Kwa Duka la Dawa Muhimu, ambako hakuna rejesta ya uchunguzi wa mgonjwa, inaweza kuwa na nafasi, lakini hiyo ni kazi ya watafiti wenye kibali, si usimamizi elekezi.

Zikiwekwa bega kwa bega

| Njia | Inajibu vizuri | Inapopotosha | Gharama |
|---|---|---|---|
| Rejesta, viashiria vya WHO | Hali ya jumla ya halmashauri | Msimu wa malaria. Sampuli ndogo | Ndogo |
| Rejesta, ugonjwa kwa ugonjwa | Nani alipewa bila kuhitaji | Jina la ugonjwa lililofuata dawa | Ndogo, ila inahitaji tabibu mzoefu |
| Leja na AWaRe | Mwelekeo wa Watch, maagizo | Septrin ya CTC, dawa kuisha | Ndogo kuliko zote |
| Mlangoni | Dirisha la dawa, uelewa wa dozi | Watu hubadilika wakitazamwa | Kubwa |

Uchague ipi

Ukiwa mganga mfawidhi wa zahanati moja, chukua njia ya pili na ugonjwa mmoja tu, ningesema kuhara kwa watoto, kwa kuwa ubishi wake ni mdogo na jina lake ni gumu kuligeuza. Rudia baada ya miezi kumi na miwili, msimu uleule.

Ukiwa mfamasia wa halmashauri, anza na leja ya vituo vyote, kisha peleka watu kwenye rejesta za vituo vichache ambavyo Watch yake imekushtua. Usianze na safari.

Ukiwa unaandaa mradi au unataka kulinganisha mkoa na mkoa, tumia viashiria vya WHO kwa vituo 20 au zaidi, mwaka mzima, ukitenganisha waliokutwa na malaria na wasiokutwa nayo. Vituo vinavyotumia GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kumbukumbu za wagonjwa, vitakupunguzia kunakili, ila usivichanganye na vya karatasi kana kwamba ni kitu kimoja; kwenye mfumo tabibu huchagua ugonjwa kwenye orodha, na kuchagua kwenye orodha kuna mazoea yake.

Ikiwa lalamiko linalokujia ni kwamba wagonjwa hawamalizi dozi, achana na rejesta. Kaa mlangoni, na utazame zaidi dirisha la dawa kuliko chumba cha tabibu.

Kwa njia yoyote utakayochagua, pata ridhaa ya Mganga Mkuu wa Wilaya kwanza, na kama matokeo yatachapishwa, kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Unachonakili ni namba ya mfululizo, tarehe, umri, jinsi, jibu la malaria, ugonjwa na dawa. Majina yabaki kitabuni, na kurasa zisipigwe picha kwa simu; tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na rejesta ya wagonjwa wa nje ina taarifa ambazo jirani hapaswi kuziona.